Mashine ya Mchezo na Sahani za Wazee

Katika vitu vilivyoingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi, sidhani kama kipo kilichoingia kwa upole kuliko mashine ya mchezo wa televisheni, hii ambayo watoto wetu huiita gemu. Televisheni ilipokuja tuligombana. Walikuwako waliosema haifai kuonekana katika nyumba ya Muislamu, na walikuwako walioinunua usiku wakaitia chumbani. Kanda za video zilipokuja tukagombana tena. Lakini mashine hii haikupata hata nusu saa ya majadiliano, maana ilipitia mlango wa uani. Ilikuja kama zawadi ya mtoto aliyefaulu mtihani, na nani atakayemnyima mtoto zawadi yake? Kisha siku moja deki ya nyumba ikafa, na mtoto akasema, “Baba, hata hii yangu inaonyesha DVD.” Tangu siku ile, mchezo wa mtoto ukawa ndio deki ya baba, ya mama na ya bibi.

Sikusudii kurejea hapa maneno yaliyokwisha kusemwa mara mia juu ya watoto na michezo. Nataka kuihakiki mashine hii kwa ile kazi ambayo wazee wameipa, nayo ni kuonyesha sahani. Nasema sahani kwa maana ya hizi CD, VCD na DVD, kama wazee wetu walivyosema juu ya santuri. Je, kazi hiyo inaiweza? Na nyumba ya Kiislamu inayoitegemea peke yake inapata nini, na inakosa nini?

Mfano wangu nautoa mbali na pwani, huko Tarime katika mkoa wa Mara, na nina sababu. Msomaji aliyeko Mombasa, Lamu, Tanga au Unguja akifungua dirisha lake alfajiri husikia adhana za misikiti mitatu, minne. Darsa iko barazani, na mwalimu wa watoto yuko mtaa wa pili. Kwake yeye sahani ya mawaidha ni nyongeza tu, akiikosa hakukosa kitu. Tarime si hivyo. Ni nchi ya Wakurya, juu kabisa kaskazini ya Tanzania, si mbali na mpaka wa Kenya pale Sirari. Nchi nzuri ya milima, migomba na kahawa, lakini Waislamu wake ni wachache, na wengi wao ni vizazi vya watu waliofika huko kwa biashara. Nyumba ya Muislamu huko yaweza kuwa peke yake mtaa mzima. Katika nyumba kama hiyo sahani haikuwa nyongeza. Kwa muda wa miaka mingi ndiyo iliyokuwa sheikh, ndiyo iliyokuwa chuo, na siku ya Idi ndiyo iliyokuwa kaswida.

Ninaye shangazi huko. Aliolewa mwaka 1968 na mtu wa Pangani aliyekuwa akiuza nguo Tarime, wakakaa palepale. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisomesha watoto barazani pake kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuchukua senti ya mtu. Mwaka 2009, miaka miwili kabla ya kufariki, wanawe walimwita mpiga video wa mjini amrekodi, akawatolea sahani tatu. Moja ilikuwa DVD ya Maulidi waliyoyasoma nyumbani, na mbili zilikuwa VCD za darsa yake ya udhu na sala, akiwafundisha wajukuu. Na deki yao ilikuwa imekwisha kufa. Iliyobaki sebuleni ni PlayStation 2, ambayo mtoto mmoja aliileta kutoka Dubai mwaka 2008.

Hapa ndipo uhakiki wangu unapoanza, maana PlayStation 2 ina tabia moja ambayo wauzaji hawakuitangaza na wanunuzi hawakuiuliza. Inaonyesha DVD na inapiga CD za sauti, lakini VCD haionyeshi. Kadhalika CD iliyojazwa sauti za MP3 haiisomi. Sasa msomaji na afikiri kidogo. Katika nchi zetu hizi, ni kitu gani kilichokuwa katika DVD safi, na ni kitu gani kilichokuwa katika VCD na MP3? Filamu za Marekani zilikuwa katika DVD. Kaswida za madrasa zetu, mawaidha ya masheikh wetu, arusi zetu, hata nyimbo za ritungu za majirani zetu Wakurya, kwa wingi wake zilitolewa katika VCD kwa sababu ya urahisi wake. Na Qur’ani nzima, juzuu zote thelathini, ilikuwa ikiuzwa nje ya msikiti katika CD moja ya MP3. Kwa hiyo mashine iliyokaa sebuleni ilikuwa ikimpokea mgeni wa mbali na kumfungia mlango mwenye nyumba. Wala haikufanya hivyo kwa uadui. Mashine haina nia. Ilifanya hivyo kwa kuwa waliyoitengeneza hawakutufikiria sisi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Sony, wenye mashine hiyo, walikuwa miongoni mwa makampuni yaliyokubaliana juu ya kanuni za VCD mwaka 1993, pamoja na Philips, Matsushita na JVC. Hata mashine yao ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, ilikuwa na aina moja iliyouzwa Asia iliyoweza kuonyesha VCD. Ya pili ilipotoka, Machi 2000, uwezo huo haukuwamo. Kwao hilo halikuwa kitu. Japani watu wengi waliinunua mashine ile si kwa mchezo bali kwa filamu, maana bei yake ya yen 39,800 ilikuwa nafuu kuliko deki nyingi za DVD zilizokuwa madukani wakati ule. Wao walikuwa na haki ya kuiita deki, kwa sababu sahani zao zote zilikuwa DVD. Zikauzwa zaidi ya 150 milioni ulimwenguni mpaka utengenezaji wake ukasimamishwa mwanzoni mwa mwaka 2013, na zilizochoka huko zikaja kwetu zikiwa mitumba, pamoja na zile mpya za Dubai. Sifa yake ikaja nayo, kwamba ni deki na ni mchezo, viwili kwa bei ya kimoja. Sisi tukaichukua ile sifa bila ya kuipima kwa sahani zetu.

Matokeo yake katika nyumba ya shangazi yangu yalikuwa haya. Ile DVD ya Maulidi ilikubali, na ikaonyeshwa kila mwaka ukifika mwezi wa Mfungo Sita, na kila akija mgeni. Zile VCD mbili za darsa zilikataa, zikarudishwa kabatini chini ya kanga. Basi wajukuu wadogo, waliozaliwa karibu na kufa kwake au baada yake, walimjua babu yao kwa mahadhi tu. Walijua kwamba alikuwa na sauti nzuri. Hawakujua kwamba alikuwa mwalimu. Na sisi sote tumefundishwa ya kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu, na mojawapo ni elimu inayowafaa watu baada yake. Elimu ya mzee yule ilikuwamo ndani ya nyumba, imekunjiwa kanga, na watu wa nyumba wanaketi mbele ya mashine ambayo wanadhani inaonyesha kila kitu.

Mtu aweza kuniambia: si wangelinunua deki nyingine? Naam, wangelinunua. Deki za Kichina zilizokuwa zikisoma kila namna ya sahani zilikuwa zikipita Sirari kila siku kwa bei ndogo. Lakini ndiyo hila ya kitu kinachofanya kazi mbili, kwamba humwondolea mtu khabari ya kuwa amepungukiwa. Ambaye hana deki anajua kuwa hana, atatafuta. Mwenye gemu linaloonyesha DVD anajiona kuwa anayo.

Kisha liko suala la pedi. Deki ya kawaida huja na rimoti yake, na rimoti hukaa juu ya mto wa baba. PlayStation 2 ilikuwa ikija na pedi ya kuchezea. Rimoti ya filamu iliuzwa mbali, na katika zile za mwanzo ilitaka na kipokezi chake cha kuchomeka mbele. Huko kwetu sijawahi kuiona nyumba iliyoinunua. Kwa hiyo mtu mzima akitaka kutazama mawaidha hana budi kuishika pedi yenye vitufe vilivyochorwa pembetatu, duara, mraba na alama ya eksi, visivyo na neno hata moja, na waya umefungwa kama ngisi. Shangazi yangu alijaribu mara moja, sheikh akaruka kutoka “amma baad” mpaka dua ya kufungia majlisi. Tangu hapo akawa anamwita mjukuu. Na mjukuu yuko katikati ya mpira, husema, “Bibi, ngoja kidogo nisevu.” Bibi hungoja. Nimemwona kwa macho yangu, mwanamke wa umri wake, amekwisha kutandika mswala, amevaa ukaya, amekaa anangoja mtoto wa miaka kumi na miwili amalize kipindi cha pili ndipo yeye amwone mumewe akisoma Maulidi.

Mwishoni mwa Sura ya Jumaa Mwenyezi Mungu ametukumbusha juu ya watu waliokimbilia biashara na pumbao wakamwacha Mtume (S.A.W.) amesimama. Sisemi kwamba mjukuu yule ni sawa na hao. Yeye ni mtoto, na mtoto hucheza. Nasema kwamba sisi watu wazima ndio tuliompa mtoto ufunguo wa mimbari. Anayeijua mashine ndiye anayeamua kipi kionekane na saa ngapi. Hata ile kufuli ya wazazi, ambayo imo humo kwa nambari nne, ukimwuliza baba wa nyumba hata khabari kwamba iko hana, na ukimwuliza kijana atakutajia nambari. Na isitoshe, kufuli ile huzuia sahani iliyotiwa daraja lake na watengenezaji. Sahani ya kunakili mtaani haina daraja, hupita kama maji.

Nilikwenda mbele, mpaka Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Kutoka Tarime unapita Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu, unavuka Mto Mara, vumbi juu ya vumbi. Mugumu nililiona banda ambalo mchana huchezwa mpira kwa mashine hizihizi na usiku mashine ileile hugeuzwa ikaonyesha filamu kwa kiingilio. Banda si nyumba, na sikukusudia kuliandika. Ila mambo mawili niliyoyaona humo yamo vilevile majumbani mwetu. La kwanza, watoto walikuwa wakicheza kwa shuruti kwamba atakayefungwa ndiye atakayelipa fedha ya wote wawili. Wenyewe wanaona ni ungwana. Lakini masharti ya namna hiyo, kila mmoja anaingia akiwa ama atapata ama atatoa, ulamaa wengi wameyahesabu kuwa ni kamari, na mtoto aliyezoea hivyo bandani hurudi nayo sebuleni. La pili, filamu zilikuwa zimetiwa maneno ya Kiswahili, ufundi ambao Dar es Salaam uliwahi kumpa jina kubwa Derek Gaspar Mukandala, yule aliyeitwa Lufufu. Ufundi wenyewe ni wa kusifiwa, kwani si jambo dogo mtu mmoja kuwasemea watu ishirini. Lakini zamani mzazi alijifariji kwamba mtoto haelewi Kiingereza, anaona picha tu. Udhuru huo sasa hauko.

Hapa sharti niseme na juu ya kitu kinachoitwa chipu, ingawa najua wapo watakaochukia. Mashine nyingi za aina hii nilizoziona Tarime na Mugumu, na Tanga na Mombasa pia, zilikuwa zimefunguliwa na fundi zikatiwa chipu ili zipokee michezo ya kunakili. Kwa upande mmoja fundi aliziondolea udhia wa kweli. Mashine ya Dubai imetengenezwa kwa sahani za eneo la 2, na sisi Afrika Mashariki tumewekwa eneo la 5, hivi kwamba mtu aliyenunua DVD halali Nairobi aweza kuambiwa na mashine yake halali ya Dubai kwamba sahani si ya nchi hii. Upuuzi mtupu, na siwezi kumlaumu mtu anayetafuta njia ya kutazama alichokilipia. Lakini wengi hawakutia chipu kwa ajili ya hilo. Walitia ili wasilipe. Na katika jambo hili hatuwezi kusema kwamba dini imenyamaza. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait Desemba 1988 ilipitisha kwamba haki za utungaji na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisharia, wala haijuzu kuzidhulumu. Nimewasikia watu wakinong’ona kwamba hukumu hiyo ni kwa mali ya Waislamu tu. Hao na waulizwe ni nani aliyewafundisha hivyo. Na kaswida zetu wenyewe, zilizorekodiwa kwa michango ya watoto wa madrasa, zilinakiliwa na nani kama si sisi?

Watengenezaji wa sahani zetu nao hawana pa kukimbilia. Nimezitazama nyingi. VCD moja haichukui zaidi ya dakika themanini hivi, kwa hiyo darsa ya saa mbili hukatwa mahali popote, pengine katikati ya hadithi, na sahani ya pili haina alama ya kukujulisha kwamba ni ya pili. Kamera husimamishwa mbali mpaka sheikh awe kama chupa juu ya meza. Mwangwi hutiwa mwingi kana kwamba mtu akisikika vizuri ataonekana hana baraka. Na juu ya jalada hutaona tarehe, wala mahali, wala jina la msikiti. Sura ya sheikh tu, kubwa, na simba au maporomoko ya maji nyuma yake. Ukiwa na mtoto upande huu ana mchezo uliotengenezwa na mamia ya watu waliopima kila sauti na kila rangi, na upande huu una sahani kama hiyo, usishangae akikwambia “bibi, ngoja nisevu”.

Wengine watasema mambo haya yamepitwa, watu wanatazama kwa simu na flashi. Kwa wengi ni kweli. Walakini sahani za wazee bado zimo makabatini, na mashine za mchezo zinakwenda upande mwingine kabisa. PlayStation ya tatu, iliyotoka mwaka 2006, ilipiga CD. Ya nne, ya mwaka 2013, CD ya sauti haiigusi. Na ya tano, tangu mwaka 2020, inauzwa hata bila ya mlango wa sahani. Anayedhani kwamba atakapopata gemu jipya atapata na deki, na auangalie ubavu wake kwanza.

Niliporudi Tarime, mwaka huo ukiwa 2016, shangazi yangu aliniambia kwa unyonge, “Mwanangu, hata ile ya Maulidi sasa haisomi.” Fundi alikwisha kuifungua mashine. Jicho lake la kusomea limechoka, kwa vumbi na kwa saa nyingi za mpira kila siku, na jicho la mashine hii likichoka hukataa sahani za kunakili kwanza. Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni anatazama chini, kwa kuwa alijua mpira ulikuwa wa nani.

Sikumkemea. Nilimwambia, “Twende dukani na mjomba wako.” Tukanunua deki ya kawaida, ndogo, ina rimoti yake, na tulipofika nyumbani yeye ndiye aliyeunga nyaya kwa kuwa mimi nilizichanganya. Bibi akaleta sahani zote tatu. Mimi nilinyosha mkono kwenye ile ya Maulidi. Mtoto akachukua mojawapo ya zile VCD, ambazo alikuwa hajaziona maishani mwake zikifanya kazi, akaitia.

Picha ilikuja na mistari, kisha ikatulia. Marehemu amekaa barazani, birika la maji ubavuni, watoto nusu duara mbele yake. Anaonyesha jinsi ya kuosha mikono mpaka vifundoni, taratibu, kidole baada ya kidole. Mbele kabisa pana kitoto cha miaka mitano kinachezea maji. Mzee anakatiza maneno, anakishika sikio, anakiita kwa jina, na watu wote barazani wanacheka.

Shangazi yangu alinigeukia akataka kusema kitu, akanyamaza. Mjukuu alikuwa amekwisha kusogea, ameketi sakafuni karibu kabisa na kioo, mkono juu ya sikio lake. “Mjomba,” akasema, “irudishe nyuma kidogo.” Rimoti ilikuwa kwa bibi.